Betri ya kipima tenki inaisha kwa wiki tatu wakati chipu imelala: umeme ulikuwa unavujia wapi

Kuna dogo hapa Ngamiani Tanga anatengeneza kidude cha kupima maji kwenye simtank. Kinakaa juu kwenye mfuniko, kila robo saa kinapiga sauti isiyosikika kwenda chini, kinasubiri mwangwi, kinajua maji yamebaki kiasi gani, yakipungua sana kinatuma meseji kwa mwenye nyumba awashe pampu. Kitu cha maana kabisa maana huku nyumba nyingi zina tenki juu na watu wanajua maji yameisha wakiwa bafuni tayari.

Cha kwanza alikifunga nyumba moja Raskazone, karibu kabisa na bahari. Sola hakuweka kwasababu mwenye nyumba alikataa kitu chochote cha kuvutia wezi juu ya bati, kwahiyo kinategemea betri moja tu ya lithiamu, zile za duara za 18650, yenye 2,500 mAh za kweli, yaani miliampia-saa, kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri. Nasema za kweli kwasababu zimejaa zilizoandikwa 9,900, hizo achana nazo, hakuna 18650 ya hivyo, nzuri kabisa zinaishia kati ya 3,500 na 4,000 hivi. Hesabu yake ilikuwa rahisi, chipu inayoendesha kidude ni ATmega328P, ikilala usingizi mzito na saa ya ndani ya kuiamsha ikiwa imewashwa inakula kama maikroampia 4 kwa volti 3, muda mwingi imelala tu, kwahiyo betri ingekaa mwaka na zaidi. Ikafa baada ya wiki tatu. Akachaji akarudisha, ikafa tena muda uleule.

Akaja nayo kwenye meza yangu.

"Shikamoo fundi, nadhani hizi betri nimeuziwa feki."

"Marahaba mdogo wangu. Betri umeipima?"

"Nimeipima, uwezo wake upo. Na chipu nayo inalala, nimehakikisha."

Yote mawili yalikuwa kweli, betri nzima na chipu inalala, na ndo maana nimeona nikiandike hiki kisa chote mwanzo mpaka mwisho kwasababu vijana wengi wanaotengeneza vifaa vya betri wanakwama hapahapa. Wanasoma usingizi wa chipu kwenye datashiti, ile karatasi ya vipimo ya mtengenezaji, wanapiga hesabu wanafurahi, alafu wanasahau kwamba chipu kulala haimaanishi kifaa kimelala, na pia, hili ndo zito zaidi, swichi ya kielektroniki ukiizima haizimi kabisa. Transista yoyote iliyozimwa bado inapitisha kidogo kama bomba la koki iliyochoka, swali ni kidogo kiasi gani na kwenye joto gani.

Kabla ya yote, kupima. Mita ya kawaida ukiiweka kwenye maikroampia ina ukinzani mkubwa ndani yake, kifaa kikiamka na kutaka miliampia mia volti inaanguka, chipu inajizima inawaka upya, hailali milele na we unabaki unasoma namba za uongo. Tulichofanya tumeweka resista ya kilo-ohm 1 kwenye waya wa chanya na swichi ndogo sambamba nayo, kifaa kikiwa macho swichi imefungwa umeme unapita huko, kikilala tunafungua swichi tunapima volti juu ya resista. Hesabu yake haihitaji kalamu, milivolti 1 ni maikroampia 1. Mita ya bei ndogo tu inatosha kwa njia hii.

Namba ya kwanza haikuhitaji hata hiyo resista, kifaa kimelala na kinakula karibu miliampia 5. Gawanya 2,500 kwa 5 unapata masaa 500, yaani siku 21, wiki tatu zake zilezile. Na wala havikuwa vitu vya kujificha. Taa nyekundu ya bodi inawaka saa zote, miliampia moja na nusu hivi. Sensa ya mwangwi ina umeme saa zote hata kama haipimi, mbili. Moduli ya simu, SIM800L, hata ukiilaza kwa amri inakula kama moja kwasababu inaendelea kusikiliza mnara. Chipu aliyoihangaikia sana ilikuwa inachukua chini ya sehemu moja ya elfu ya matumizi yote. Taa tukaing'oa, regyuleta ya bodi, ile inayoshusha volti ya betri iwe 3.3 ya chipu, tukaiondoa tukaweka MCP1700 ambayo yenyewe inakula maikroampia 1.6 tu, alafu sensa na moduli ya simu zikawekewa mosfeti, yaani transista inayofanya kazi ya swichi, ya kuzikatia umeme kabisa wakati wa kulala. Hapa dogo alidhani tumemaliza.

Tukapima tena, kifaa kimelala, mosfeti imezimwa. Karibu maikroampia 900! Alafu dogo akaniita niangalie kwa karibu, kafunika bodi kwa kiganja ili kuwe na kagiza, ile taa ndogo ya moduli ya simu ilikuwa inawaka kwa mbali sana, hafifu, wakati moduli yenyewe imekatiwa umeme. Umeme unatoka wapi? Unatoka kwenye waya wa data. Chipu ikiwa kimya pini yake ya kutuma data inakaa juu, volti 3.3, ule waya unaingia kwenye pini ya kupokea ya moduli, na ndani ya kila chipu karibu kila pini ina dayodi ya ulinzi, kile kinachopitisha umeme upande mmoja tu, inayoelekea kwenye laini ya chanya ili kuikinga na umeme tuli wa vidole. Laini ya chanya ikiwa haina kitu, ile dayodi inafunguka na umeme wa pini unapita kwenda kulisha moduli nzima kwa mlango wa nyuma. Tukachomoa ule waya taa ikazima hapohapo, mkondo ukashuka mpaka 150 na kitu. Dawa yake ni mistari michache ya programu, kabla ya kulala kila pini inayokwenda kwenye kitu kilichokatiwa umeme iwekwe sifuri, ya kutuma, ya kupokea, za sensa zote. Na zile pini zisizotumika nazo usiziache zinaning'inia, pini ya kuingiza ikikaa katikati ya sifuri na moja transista mbili za mlangoni zinafunguka nusunusu zote na umeme unapita moja kwa moja kutoka chanya kwenda hasi bila kazi yoyote.

Zile 150 ndo zilitupa kazi, na mimi kwangu ndo sehemu tamu ya kisa hiki. Jioni tulipima 150, kesho yake asubuhi mita inasema chini ya 40 na hakuna aliyegusa kitu. Dogo akafurahi, mi nikamwambia bado, kitu kinachojiponya chenyewe hakijapona. Betri ilikuwa imejaa jioni ile, volti 4.2, alafu tukaitumia kwenye majaribio ya kutuma meseji mpaka usiku, asubuhi ipo 3.9. Tukaichaji ijae, 150 zikarudi. Kwahiyo kifaa kinavuja betri ikiwa imejaa, ikipungua kinaacha, na yeyote anayejaribu kifaa chake kwa betri iliyotumika nusu hatokuja kuuona huo uvujaji maisha yake yote.

Sababu ni hii. Mosfeti aliyotumia ni AO3401A, aina ya P, sosi yake, yaani mguu umeme unakoingilia, ipo kwenye betri, volti 4.2. Geti, yaani mguu wa kuiamrisha iwake au izime, inaendeshwa moja kwa moja na pini ya chipu, na chipu inaishi kwa volti 3.3. Dogo akitaka kuizima anapandisha pini juu, anadhani juu ni juu, kumbe juu ya chipu ni 3.3 na ya betri ni 4.2, kati ya geti na sosi bado kuna tofauti ya volti 0.9. Sasa fungua datashiti, kizingiti cha hiyo mosfeti, yaani volti inayoanza kufungukia, ni kati ya 0.5 na 1.3, na ya kawaida ni 0.9 yenyewe. Tena angalia na masharti ya kipimo, kizingiti kinahesabiwa pale ambapo tayari maikroampia 250 zinapita. Kwahiyo 150 zetu hazikuwa uchawi wala mosfeti mbovu, ilikuwa inafanya kile kilichoandikwa.

Na kwanini asubuhi uvujaji wake ulikuwa umekwisha kabisa wakati betri imeshuka volti 0.3 tu? Kwasababu chini ya kizingiti transista haifuati mstari ulionyooka, mkondo unaporomoka mara kumi kwa kila hatua ndogo ya volti ya geti. Hatua hiyo kwa joto la chumbani haiwezi kuwa chini ya milivolti 60 hivi kwa transista ya kawaida hata uitengeneze vizuri namna gani, kwenye vitu halisi mara nyingi inakaribia 100. Punguza milivolti 300 umegawanya mkondo kwa elfu moja. Zile chini ya 40 zilizobaki zilikuwa ni za vitu vingine, nitavifikia.

Hapo nikamwambia dogo aache lehemu kwanza tukae, maana hii kitu aliyoishika kwa kibano ndo shida ileile iliyobadilisha njia ya tasnia nzima ya prosesa. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walionyesha kwamba ukipunguza ukubwa wa transista na ukapunguza na volti yake kwa kiwango hichohicho, unapata transista nyingi zaidi na za haraka zaidi bila joto la eneo kuongezeka. Na kupunguza volti kuna faida kubwa kwasababu umeme wa kufanyia kazi unakwenda na mraba wa volti, ATmega yenyewe ukiitoa 5 ukaipeleka 3.3 kwa kasi ileile unaokoa zaidi ya nusu ya umeme wa kazi. Ila ukishusha volti lazima ushushe na kizingiti, la sivyo transista inakuwa nzito, na ile hatua ya milivolti 60 haishuki pamoja nao, inatokana na joto lenyewe sio na ukubwa wa transista. Kila ukishusha kizingiti milivolti 100 hivi uvujaji unapanda kama mara kumi. Kwa transista moja si kitu, kwa mamia ya milioni kwenye kipande kimoja ni moto. Ndo maana katikati ya miaka ya 2000 mbio za gigahetsi zikagoma na chipu zikaanza kuongezwa kori badala ya kasi.

Na kuna uvujaji wa pili kule ndani ambao sisi mezani hatukuwa nao, wa kupenya kwenye geti lenyewe. Tabaka la oksaidi chini ya geti lilifika unene wa nanomita 1.2 hivi, atomi chache tu, elektroni zinapenya kana kwamba hakuna ukuta. Intel mwaka 2007 kwenye kizazi cha chipu za nanomita 45 wakabadili wakaweka tabaka lenye metali ya hafni, nene zaidi lakini geti bado linashika njia vizuri. Alafu mwaka 2012 zikaingia sokoni za nanomita 22 ambazo njia ya umeme imesimamishwa kama ukuta mwembamba na geti limeikumbatia pande tatu, ikizimwa inazima kweli. Wachoraji wa chipu nao wana zao, wanachanganya transista za kizingiti cha chini sehemu za haraka na za kizingiti cha juu sehemu zisizo na haraka, na kipande kisichotumika wanakikatia umeme kabisa kwa transista kubwa, kitu kilekile dogo alichomfanyia SIM800L.

Tukarudi kwenye kazi. Dawa ya mosfeti ni kumpa geti volti ya betri yenyewe wakati wa kuzima, sio volti ya chipu. Tumeweka transista ndogo BC547, chipu inaamrisha hiyo, na hiyo ndo inavuta geti chini wakati wa kuwasha, na kati ya geti na betri kuna resista ya kulirudisha juu. Hapo dogo akataka kuweka megaohm 10 ili asipoteze umeme. Nikamuuliza, mosfeti ikiwa imezimwa geti lipo 4.2 na betri ipo 4.2, umeme gani unapita kwenye resista? Hakuna. Resista inakula pale tu kifaa kikiwa macho, na hata ukiweka kilo-ohm 100 ni maikroampia 42 kwa sekunde chache, haina maana yoyote. Megaohm 10 kwa mji wetu huu ni hatari, hewa ya Raskazone ina chumvi na unyevu, bodi ikibaki na mabaki ya flaksi ya lehemu juu yake inajitengenezea njia ya umeme ya megaohm kadhaa kati ya geti na hasi, geti linavutwa chini na mosfeti inafunguka nusu tena, umerudi ulipotoka. Tukaweka 100, bodi ikasuguliwa kwa brashi na spiriti mpaka ule utando wa kunata ukatoka, ikakauka, ikapigwa vanishi ya bodi kote isipokuwa kwenye soketi.

Zile chache zilizobaki. Karibu 20 zilikuwa za kilinzi cha ndani ya ATmega kinachoangalia volti isishuke, unakizima kwa programu sekunde ileile unapolala na kinajiwasha chenyewe ukiamka. Nyingine zilikuwa za kapasita kubwa ya maikrofaradi 1,000 aliyoweka ili SIM800L ikivuta ampia 2 za ghafla betri isizame. Kapasita za elektrolaiti zinavuja, watengenezaji wengi wanaruhusu 0.01 mara uwezo mara volti, kwa hii inakuja 42 kama kikomo, yetu ilikuwa chini ya hapo ila ipo. Hatukuitoa, tumeihamishia upande wa pili wa mosfeti, kwahiyo inavuja tu moduli ikiwa na umeme. Ila ukifanya hivyo mosfeti ikiwaka kapasita tupu inanyakua mkondo mkubwa na chipu inaweza kuyumba, tumeweka kapasita ndogo kati ya geti na sosi ili iwake polepole.

Baada ya hapo mita ikasema 8. Na betri ikiwa imejaa.

Joto sasa. Meza yangu ipo kivulini, kile kidude kinaishi juu ya tenki jeusi, msimu wa kaskazi jua la Tanga unalijua, ndani ya kasha jeusi lililofungwa kunakuwa tanuri. Mkondo wa kuvuja unapanda kwa joto kuliko kitu kingine chochote kwenye kifaa, datashiti hiyohiyo ya AO3401A kikomo chake cha kuvuja ikiwa imezimwa ni maikroampia 1 kwa nyuzi 25 na 5 kwa nyuzi 55. Tukaazima drayer ya saluni ya jirani tukaipuliza bodi huku kipimajoto kimegusa mosfeti, ilipofika nyuzi 60 hivi mkondo ulikuwa 15. Inavumilika. Ila dogo alikuwa na bodi ya pili ambayo bado ina ule mfumo wa zamani wa geti, tukaipuliza nayo na betri imejaa, ikapanda mara kadhaa palepale kwasababu joto linashusha na kizingiti chenyewe. Kasha amelipaka rangi nyeupe na amelihamishia upande wa mfuniko ambao jua la mchana haliupigi.

Swali moja alilouliza ni zuri, je kuikatia moduli ya simu umeme kabisa kweli kuna faida, maana ikiwaka inaanza upya kutafuta mtandao? Piga hesabu. Ukiilaza tu kwa miliampia 1 kwa siku ni 24 mAh. Ukiizima, kila kuwaka chukua nusu dakika kwa wastani wa miliampia 100, hiyo ni 0.83 mAh. Kwahiyo mpaka uiwashe zaidi ya mara 28 kwa siku ndo kukata kunaanza kuwa hasara, na yeye anaiwasha mara moja asubuhi na maji yakipungua tu. Sensa kinyume chake inaamka kila robo saa lakini haichelewi, haifiki 0.2 mAh kwa siku. Jumlisha na usingizi wote hufiki mAh 2 kwa siku, na hapo betri yenyewe kujichuja ndani kwa asilimia moja au mbili kwa mwezi kumeshakuwa karibu sawa na matumizi ya kifaa kizima. Chini ya hapo ukiendelea kubana kwenye bodi unajichosha, utafute betri nzuri.

Meseji ya asubuhi sasa inakuja na volti ya betri. Zile resista mbili za kupimia volti nazo zipo nyuma ya mosfeti, zingekaa moja kwa moja kwenye betri zingekuwa zinakula mchana na usiku. Bodi zinazofuata dogo anazichora upya zikiwa na BC547 na kapasita mahali pake, na kila moja inapimwa usingizi betri ikiwa 4.2 na drayer ikiwa juu yake ndo ipandishwe kwenye tenki.